Miguu ya Ma Joviana

Nyabiyonza, Karagwe
14 Juni 1987

Kwa mwanangu Placidius,

Amani ya Bwana iwe nawe, mkeo Kokuhirwa na watoto. Sisi huku wazima. Kahawa imeiva, tunachuma toka asubuhi mpaka mgongo unakataa.

Sitaki kuonekana mchongezi, ndiyo maana nimekaa na jambo hili wiki tatu kabla ya kushika kalamu. Lakini tangu kaka yangu Melkiory, baba yako, afariki mwaka 1982, mimi ndiye mwanamume wa ukoo niliyebaki karibu na mama yako. Kibanja changu cha migomba na chake vinapakana kule bondeni. Nikinyamaza mimi, nani atakuambia wewe uliye Bukoba ofisini?

Hali ya mama yako unaijua. Miaka mitatu magoti yamemshinda, akitoka chumbani kwenda jikoni anashika ukuta. Sasa anatembea. Utasema ni habari njema, na mimi nilisema hivyo hivyo siku ya kwanza. Ila sikiliza anatembea wapi. Kila siku kunapopambazuka, umande haujakauka, anatoka na yule kibarua wake Sibomana, Mrundi, wanazunguka mpaka wa kibanja. Hawaendi kisimani wala kanisani. Wanafuata mpaka, toka mulamula mmoja, ule mti wa kuonyesha mpaka, hadi mwingine, Sibomana mbele na fimbo, mama yako nyuma. Wakimaliza mzunguko, mama yako anatia punje ya kahawa ndani ya kopo, wanaanza tena.

Wewe umesoma, lakini umezaliwa hapa. Baba yako alipompa mama yako kibanja kile mwaka 1961, alimzungusha mpaka mzima kwa miguu, na mimi nilikuwa mmoja wa mashahidi. Ndivyo ukoo wetu unavyogawa ardhi. Asiyeweza kuzunguka kwa miguu yake mwenyewe hagawi, hata awe na akili timamu na karatasi mkononi. Mama yako alikuwa hawezi. Sasa anaweza, na anayezunguka naye si mtoto wake.

Mimi sisemi lolote. Nimekueleza nilichokiona nikiwa kwenye migomba yangu. Tafadhali jina langu lisitajwe.

Baba yako mdogo,
Protase

*

Bukoba
25 Juni 1987

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Kokuhirwa anakusalimu. Watoto wanauliza bibi anakuja lini.

Mama, magoti yanaendeleaje? Nauliza kwa sababu kile chumba cha mbele tumekwisha kukipaka rangi. Kina dirisha, ukikaa unaona watu wanaopita. Hutafanya kazi yoyote. Utaletewa chai, utaletewa chakula, mguu wako hautakanyaga tope tena. Umri wako wa miaka sitini na sita ni wa kupumzika.

Nilitaka pia kuuliza habari za Sibomana. Bado yuko kwako? Yeye na mkewe wanakaa kwenye kile kibanda cha nyuma au wamejenga? Asili yake hasa ni wapi, na alikuja na barua ya nani? Je, anakusaidia shambani tu, au kuna mambo mengine anakushauri? Je, ameshawahi kukuomba kitu?

Nauliza tu kwa kuwa siku hizi watu wamebadilika. Nimesikia pia kwamba unatoka asubuhi na mapema. Baridi ya Karagwe unaijua, Mama. Ukijibu, nieleze kinaganaga.

Mwanao mtiifu,
Placidius

*

Nyabiyonza
9 Julai 1987

Mwanangu Placidius,

Marahaba. Barua yako nimeipata Jumapili baada ya misa. Nimeisoma mara mbili, maana ya kwanza nilidhani nimekosea miwani.

Umeniuliza magoti mara moja. Umeniuliza Sibomana mara tano. Kama ni yeye unayemjulia hali, mwandikie, anaitwa Sibomana, anapatikana hapa hapa. Magoti yangu yapo mahali pake, katikati ya paja na muundi. Chumba chenu ni kizuri, nawashukuru, ila mimi watu wanaopita siwahitaji, nina migomba.

Ni kweli natoka asubuhi. Mwenye kibanja akitoka kuangalia kibanja chake ni habari ya kupelekwa hadi Bukoba? Nani kakuletea? Usinijibu, najua hutanijibu. Huku nyuma ya migomba nasikia kikohozi kila nikipita bondeni, na mwenye kikohozi hicho ninamfahamu tangu hajaoa.

Jambo moja tu nikuambie, kwa kuwa umesema kinaganaga. Kule bondeni, karibu na mfereji, milamula imekuwa michanga. Mimi nakumbuka tulikuwa na mikubwa, ile aliyoipanda baba yako akiwa bado na meno yote. Labda ni macho yangu. Nitaendelea kuangalia.

Sibomana ni mtu mzuri, na mkewe Costansia hunitekea maji bila kuambiwa. Hawajaniomba kitu. Ningependa kusema hivyo hivyo juu ya kila mtu.

Mama yako,
Joviana

*

Nyabiyonza
16 Agosti 1987

Kwa mwanangu Placidius,

Amani ya Bwana. Nilisema sitaandika tena, lakini mambo yamezidi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama yako kuazima panga. Nilipofika uani sikubisha hodi, maana nilimwona kupitia uwazi wa ua nikabaki nachungulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza jua linakotoka, mikono ameikunja kifuani. Akainuka bila kushika kitu. Akakaa. Akainuka tena. Mara kumi, Placidius, huku anahesabu kwa sauti. Kisha akashika nguzo ya jiko akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, akafumba macho. Sibomana yuko pembeni anaangalia na kutikisa kichwa kwamba vema, vema. Mama wa heshima, mjane wa katekista.

Panga sikuliazima.

Na kuna la pili. Yule nesi wa zahanati, Immaculata, ambaye watu wake nao ni wa kuja, walitoka Rwanda, anakuja kila Alhamisi kwa baiskeli. Mama yako hana homa wala kidonda. Nesi anamvua viatu anamkagua nyayo, anaangalia kopo la punje za kahawa, anaandika daftarini. Anaandika nini? Mimi nadhani ndiye shahidi wao mwenye kalamu. Mipaka imezungukwa, hesabu imeandikwa, kilichobaki ni kuitana.

Majirani nao wameanza kunong'ona juu ya ule mguu mmoja. Unajua maneno ya aina hiyo yanakompeleka mwanamke mzee huku kwetu. Mimi nawanyamazisha, lakini mdomo wangu ni mmoja.

Kaburi la baba yako liko kwenye kibanja kile. Fanya haraka.

Protase

*

Bukoba
2 Septemba 1987

Mama,

Shikamoo.

Nimevumilia miezi miwili nikitumaini utanieleza mwenyewe. Badala yake umenitania. Sasa nasema wazi.

Najua kwamba unazunguka mpaka na Sibomana kila asubuhi. Najua habari za kopo. Najua kwamba Immaculata anaandika. Huwezi kuniambia kwamba unaangalia migomba. Migomba haiangaliwi kwa kuzungukwa mara tatu kwa siku, siku saba kwa wiki, na mtu ambaye mwaka jana alikuwa habandui mguu. Mimi ninavyoona, unataka kumgawia Sibomana kibanja cha baba yangu, na unafanya mazoezi ya siku yenyewe ili usishindwe mbele ya mashahidi. Nimeumia kuliko ninavyoweza kuandika. Kama umekata tamaa na mimi, ungenieleza, mimi ni mtoto wako wa pekee.

Pamoja na barua hii kuna nyingine ya Sibomana. Baba mdogo Protase atamkabidhi na kumsomea. Nakuomba usimtetee. Nakuomba pia usitembee mpakani tena, na mambo ya kusimama mguu mmoja yaishe kabla hayajaleta maafa. Ukae, Mama. Nitakuja kukuchukua Krismasi.

Placidius

*

Bukoba
2 Septemba 1987

Ndugu Sibomana,

Yahusu: kuondoka kwako

Kuanzia siku utakaposomewa barua hii huna kazi tena kwa Mama Joviana. Uondoke na mkeo kabla ya Jumapili. Usikanyage mpaka wa kibanja, usiku wala mchana. Ukikaidi nitapeleka jambo hili serikalini, na huko utaulizwa karatasi zako.

Placidius, mtoto wa mwenye kibanja

*

Nyabiyonza
20 Septemba 1987

Placidius,

Sibomana ameondoka Ijumaa. Amekwenda Kanoni kulima kwa watu. Costansia alinijazia mitungi yote kabla ya kuondoka, hata sufuria ya uji aliijaza maji. Alipokuwa akisomewa barua yako Sibomana alivua kofia, maana barua ilikuwa imetoka ofisini. Protase aliisoma kwa sauti nzuri, kama somo la Jumapili.

Ulitaka nikae. Nimekaa.

Sitakueleza nilichokuwa nikifanya. Ulikuwa na nafasi ya kuniuliza nikiwa mama yako, ukaniuliza nikiwa mshitakiwa. Mimi mshitakiwa sijibu.

Joviana

*

Zahanati, Nyabiyonza
8 Novemba 1987

Ndugu Placidius,

Salaam. Hunijui ila kwa kutajwa, na nadhani nilitajwa vibaya. Mimi ni Immaculata, nesi. Mama yako alinikataza kukuandikia. Nimeandika kwa sababu juzi nilimkuta chini, mlangoni mwa jiko, ameshindwa kuinuka tangu asubuhi. Mfupa haukuvunjika. Nyonga imevimba na mkono umechubuka, lakini hakuvunjika, na hiyo ni bahati.

Acha nieleze toka mwanzo. Mwezi wa Machi alikuja kwangu akiwa amebebwa kwenye baiskeli ya Sibomana. Presha ilikuwa juu, na kipimo cha mkojo kilionyesha sukari. Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki mbili. Nikamwambia ukweli: dawa ikija nitakupa, lakini nusu ya dawa unayo mwenyewe, ni miguu yako. Hakuamini. Alisema kutembea ndiko kulikoyamaliza magoti. Nikamweleza kwamba goti la mzee likikaa bila kazi linakakamaa, nyama ya paja inayolishikilia inaisha, na hapo ndipo maumivu yanapozidi. Mwili unaotembea hutumia sukari yake. Na mzee ambaye miguu yake ina nguvu hata akijikwaa hujishika.

Tukaanza na kutoka mlangoni hadi jikoni, mara tano. Aprili akaweza nusu ya kibanja. Mei akazunguka chote, akawa anatia punje moja koponi kwa kila mzunguko ili nijue asinidanganye, maana mama yako anapenda kujisifu. Kuinuka kwenye kigoda ni mimi niliyemwagiza, ni kwa ajili ya mapaja. Kusimama mguu mmoja ni kwa ajili ya kutoanguka. Nyayo nazikagua kwa sababu ya sukari, asipate kidonda asichokisikia. Na daftari ni la presha. Mnamo Agosti ilikuwa imeshuka kiasi kwamba nilipima mara mbili, nikadhani mashine imeharibika. Alikuwa analala vizuri na alikwenda misa kwa miguu yake, akaketi benchi la mbele ili watu wamwone.

Kisha Sibomana akaondolewa, na mama yako akakaa. Nilimsihi. Alisema, "Mwanangu anataka mama aliyekaa, mwache ampate." Wiki saba. Presha imerudi juu, mapaja yamenywea, na ndiyo sababu alipoteleza hakuweza kujishika.

Mimi sijui mambo yenu ya ardhi. Wazazi wangu walifika nchi hii na mkeka mmoja, ardhi ya watu tulishajifunza kutoiangalia sana. Ila najua kilichomwangusha.

Immaculata

*

Bukoba
17 Novemba 1987

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua ya nesi. Nimesoma nikakosa pa kuweka uso. Nisamehe, Mama. Ningejua kwamba ni mambo ya afya nisingesema niliyosema. Pole sana kwa kuanguka. Kokuhirwa amelia.

Nakutumia kwa lori la kahawa kiti cha mto, chenye mikono na cha kuegemea kichwa. Fundi amekitengeneza kwa vipimo vyako. Ukae humo mpaka nitakapokuja Krismasi tuondoke pamoja.

Hata hivyo, Mama, moyo wangu haujatulia vizuri, na naomba usikasirike. Kama ni mazoezi, mbona mpakani? Uwanja wa kanisa upo, barabara ipo. Mbona na Sibomana, na si na mke wa Protase? Nesi mwenyewe ni rafiki yao. Sisemi kwamba anadanganya. Nasema mambo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: mtu anaweza kutembea kwa ajili ya sukari na wakati huo huo akawa anaonyesha mipaka. Nijibu hilo moja tu, nipate usingizi.

Kwa sasa usitembee kabisa. Tafadhali.

Mwanao,
Placidius

*

Nyabiyonza
21 Februari 1988

Mwanangu Placidius,

Krismasi tulikungoja na ndizi zikaiva zikapita. Nilipata salamu yako kwamba ofisi ilikubana. Sikulaumu, na kusema kweli ilinifaa, kwa maana nilikuwa na kazi.

Kiti kilifika. Ni kizuri sana. Nilikaa humo siku mbili, na siku ya tatu nilishindwa kutoka bila kumwita mtu. Nikakiogopa. Nimempa baba yako mdogo Protase, ambaye siku hizi ana sababu ya kukaa, kama nitakavyokueleza.

Umeniuliza mbona mpakani. Nitakujibu, maana safari hii angalau uliuliza. Mimi ningetembea barabarani bila jembe, bila kikapu, bila mgonjwa wa kwenda kumtazama, kila ninayekutana naye angeniuliza naenda wapi. Salamu zetu unazijua, hatungefika hata kwa katekista Projest. Na nikijibu kwamba siendi popote, naenda kisha narudi, wangesema Ma Joviana amerukwa na akili, anakimbia mchakamchaka na watoto wa shule. Nikaona aibu. Nikasema nitatembea kwenye kibanja changu, hapo hakuna wa kuniuliza. Sikufikiri kabisa jinsi itakavyoonekana mtu akizunguka mpaka na mwanamume mwingine. Mwenye ardhi hafikirii hayo. Wanaofikiri hayo ni wanaoitaka. Na Sibomana alitangulia na fimbo kwa sababu ya umande na nyoka. Mke wa Protase nilimwomba kwanza, akaniambia mumewe hataki.

Wewe nilikuficha kwa sababu ya kile chumba chenye dirisha. Nilijua ukisikia sukari utakuja na gari siku hiyo hiyo, na mimi ningekufa humo ndani nikiletewa chai. Hilo ni kosa langu, nalikiri.

Sasa sikiliza. Baada ya kuanguka, Immaculata alinianzisha upya, toka kitandani hadi mlangoni, kama mtoto. Nililia kwa maumivu na kwa hasira, zaidi kwa hasira. Alimtafuta Sibomana kule Kanoni kwa baiskeli yake. Sibomana alirudi na mkewe, akaingia uani akiwa amevua kofia, akaniuliza kama barua ile ina nguvu bado. Nilimwambia kibanja kina mwenyewe na mwenyewe ni mimi. Akachukua fimbo. Januari tulifika tena bondeni.

Unakumbuka nilivyokuandikia juu ya milamula michanga? Ulikuwa na mengi ya kujibu, hilo hukulijibu. Mtu akipita mahali mara tatu kwa siku anapajua. Toka mgomba wangu wa mwisho hadi mpaka nilikuwa nikipiga hatua ishirini na sita mwezi wa Mei. Agosti zikawa ishirini. Januari, baada ya miezi minne ya kutofika huko kwa kuwa nilikaa kama ulivyoagiza, zikawa kumi na nne. Kwanza nilijisifu, nikadhani hatua zangu zimekuwa ndefu. Kisha nikaona aibu nyingine, maana kilichosogea kilikuwa mpaka.

Nilimwita mwenyekiti wa kijiji, katekista Projest na wazee wawili waliobaki kati ya mashahidi wa 1961. Nikamwita na Protase, ambaye ni wa tatu wao. Tuliondoka baada ya misa ya asubuhi, mimi mbele. Nilipumzika mara mbili tu. Mzee mmoja alipumzika mara nne, na Projest, ambaye ni mdogo kwangu miaka kumi, aliomba maji. Tulipofika bondeni nikahesabu hatua ishirini na sita kwa sauti, nikajikuta katikati ya migomba ya Protase, nikamwambia Sibomana achimbe hapo. Visiki vya milamula ya baba yako vilitoka vitatu, vimekatwa kwa panga chini ya udongo, mizizi bado mibichi. Protase alisema ni mchwa.

Mwenyekiti aliangalia visiki, akaangalia panga lililokuwa mkononi mwa Protase, akamwambia aende nyumbani akakae. Ndipo nilipokumbuka kile kiti.

Nimesoma tena barua zako zote na sasa najua kile kikohozi cha bondeni kilikuwa kinakuandikia nini. Protase alijua kwamba mtu pekee anayeujua mpaka ule kwa hatua ni mimi, na ilimfaa niwe nimekaa. Yeye namwelewa. Alitaka hatua kumi na mbili za ardhi nyeusi. Nimekaa siku nyingi nikijaribu kukuelewa wewe.

Miaka mitatu, Placidius, nilikuwa natambaa ukutani. Ulinitumia blanketi na salamu. Hukukosa usingizi, wala hukumwandikia mtu yeyote kumwuliza, "Mama yangu ana nini?" Siku nilipoanza kutembea ndipo zikaja barua mbili mbili. Ugonjwa wangu haukukutisha. Miguu yangu ndiyo iliyokutisha. Sikuandikii haya nikiwa na chuki. Wewe ni mwanangu na nakupenda, na usiku nakuombea kwa jina. Lakini nimeliona, na siwezi kujifanya sikuliona.

Wazee walipokuwa bado wako pale bondeni, nilifanya jambo la pili. Kile kipande kilichorudi, kutoka kisiki cha kwanza hadi mferejini, nimempa Sibomana na Costansia. Nilikizunguka chote na Sibomana nyuma yangu, kwa miguu yangu, bila kushikwa na mtu, mashahidi wanne wakiangalia, na mwenyekiti akaandika. Sibomana alikataa mara mbili. Mara ya tatu alipiga magoti kwenye tope nikamkemea ainuke, hatukuwa na siku nzima.

Kibanja kilichobaki ni chako nikifa, na kaburi la baba yako liko palepale, halijaguswa.

Wazo hilo la kumgawia ardhi mimi sikuwa nalo. Naapa mbele ya Mungu, tangu Machi hadi Septemba halikunijia hata siku moja. Nililisoma kwa mara ya kwanza katika barua yako ya tarehe 2 Septemba, ukiwa umeliandika kwa mwandiko wako mzuri, na kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyoona kwamba ni wazo la haki.

Mama yako,
Joviana